Kimya Kwanza, Maneno Baadaye

Leo nimeendesha warsha ya kutafuta suluhisho bunifu kwa tatizo moja tu: watu wanaojiunga na kikundi cha kujitolea huja mara moja au mbili, kisha hawaonekani tena. Naandika kabla sijasahau, kwa sababu kilichonigusa zaidi kimetokea wakati ambapo hakuna aliyekuwa anaongea.

Nilipowaomba waeleze tatizo, jibu lilitoka papo hapo: hatuna fedha za kujitangaza. Majibu ya namna hii nimeyazoea. Mtu huwa ameshalipenda suluhisho fulani, hivyo hulivika nguo za tatizo. Basi tukatumia mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano, ile inayohusishwa na Sakichi Toyoda na kutumika sana katika viwanda vya Toyota. Kwa nini hawarudi? Wanajiona wageni. Kwa nini? Siku ya kwanza hawapewi kazi yoyote. Kwa nini? Anayepanga kazi hana habari kwamba wanakuja. Hatukufika hata mara ya tano. Hoja ya matangazo ilijiondoa yenyewe, kwani wangekuja watu wengi zaidi na kuondoka vilevile. Swali letu likawa: tufanyeje ili mgeni apate kazi na mwenza tangu saa ya kwanza? Kulifikia kulichukua karibu nusu ya muda wetu, na kwangu huo ni muda uliotumika vizuri. Swali likiwa bovu, hata mawazo mia hayasaidii.

Kisha nikagawa karatasi na kuomba kimya.

Wengi walitarajia tubunge bongo kwa sauti, kama ilivyozoeleka. Mbinu hiyo ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa shughuli za matangazo ya biashara, katika miaka ya 1940 na 1950. Kanuni zake bado nazipenda: usikosoe mapema, tafuta mawazo mengi, karibisha hata ya ajabu, jenga juu ya wazo la mwenzako. Ila aliamini pia kwamba watu wakikaa pamoja huzaa mawazo mengi kuliko kila mmoja akiwa peke yake. Mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilipima hilo wakakuta kinyume chake: waliofikiri peke yao, mawazo yao yakikusanywa na yaliyojirudia kuondolewa, waliwazidi waliokaa kikundi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha kwamba sababu kubwa ni kusubiriana. Mmoja anaposema, wengine wanangoja, na wakati wa kungoja wazo hupotea.

Jambo hilo naliona kila mara. Mtu anafungua mdomo, anakuta mwenzake bado anaendelea, anaufunga. Zamu yake ikifika anasema, "Langu limeshasemwa." Halijasemwa. Inaniuma sana, maana mara nyingi huyo ndiye anayelijua tatizo kwa karibu.

Kwa hiyo tulifuata utaratibu wa Bernd Rohrbach, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1968: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa jirani karatasi naye anaongeza yake matatu. Karatasi zikizunguka zote, nusu saa inaweza kutoa mawazo 108. Hatukufikia idadi hiyo, wala sikuitaka kwa nguvu. Dakika za mwanzo watu walitazamana, wengine wakakohoa. Baada ya hapo ikasikika michirizo ya kalamu tu.

Mama mmoja ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno aliandika kwamba mgeni apokewe na mwanachama aliyejiunga karibuni kuliko wote, kwa kuwa huyo bado anakumbuka yaliyomchanganya. Jirani yake akaongeza: ampigie simu siku moja kabla. Wa tatu: iwepo orodha ya kazi ndogo zinazokamilika kwa saa moja. Wazo moja limepita mikononi mwa watu watatu, na hakuna aliyelazimika kumkatiza mwenzake.

Kuchagua hakukuchukua muda. Wengi wape, ni kweli, lakini alama za kwanza zikishaonekana ukutani wengine huzifuata. Nikamwomba kila mtu aandike chaguo lake kwanza, ndipo tubandike zote kwa pamoja. Wazo la mama likashinda, pamoja na nyongeza zake.

Mwenyekiti alitaka litangazwe leo leo kuwa utaratibu wa kudumu. Nilimsihi tulijaribu kwanza kwa wageni wachache watakaofuata, na akakubali. Mama ataandika maelekezo ya ukurasa mmoja kwa watakaopokea wageni. Tukikutana tena, nitaanza kwa kuuliza ni wangapi wamerudi, na waliorudi ningependa waje kukaa nasi mezani.