Kindege asiyevuka shamba la chai

Ukimtaka alethe, kindege wa msituni, tafuta siafu. Ndivyo alivyoniambia mzee aliyenitembeza leo msituni Amani, milima ya Usambara Mashariki, suruali kaichomeka ndani ya soksi. Nami nikachomeka yangu. Tulipoukuta msafara wa siafu, majani makavu yalikuwa yanachakarika: panzi, mende na buibui wanakimbia kuokoa roho zao. Na kindege mwenyewe huyo, mgongo wa kahawia, kifua cheupe pe, katua kwenye kijiti usawa wa goti langu, kimya. Panzi akaruka. Ndege akashuka, akamdaka, akambamiza chini, akarudi kijitini kummeza. Siafu wenyewe hana haja nao, anakula wanaowakimbia.

Vitabuni ni alethe wa Fülleborn, anapatikana milima ya mashariki ya Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Mwenye mabawa, utasema, ataenda anakotaka. Wapi! Wengi wa hawa ndege wa kivulini hawathubutu kukatiza mahali peupe. Usambara Mashariki mashamba ya chai yameukata msitu vipande vipande, na mtafiti William Newmark, aliyeanza kutega nyavu zake huku mwaka 1987, alionyesha kwamba kadiri kipande kilivyo kidogo na kilivyojitenga, ndivyo kinavyozidi kupoteza aina za ndege wa chini. Msitu wa pili unauona ng'ambo ya chai, na huendi. Hilo limeniuma kuliko habari zote za misumeno nilizowahi kusoma.

Halafu kuna hiliki. Kwetu mgeni hapewi chai isiyo na hiliki, na ya Usambara kwa miaka mingi ililimwa humohumo msituni: miti mikubwa inaachwa itoe kivuli, vichaka vya chini vinafyekwa. Ukipita na gari unaapa msitu upo. Kwa hondohondo, anayekaa juu, labda upo. Kwa anayewinda usawa wa goti, nyumba imebomolewa, limebaki paa.

Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na baadaye wakulima wa hiliki wa msitu jirani wa Derema walilipwa fidia waondoke ili msitu uungane. Nilimuuliza mzee kama yeye bado analima. Anayo mashina machache, akasema, chini ya mfenesi nyuma ya nyumba, ya chai yake tu, na bei ya sokoni siku hizi haulizi tena.