Siku yangu na tepu: kupima madirisha ya blaindi hapa Mtwara

Blaindi, yaani lile pazia la dirisha linalokatwa kwa kipimo, ikishaning'inia kila mtu anaiona. Aliyelipima dirisha haonekani, na anapokuja na tepu yake watu hudhani kaja kutaja bei tu, fundi mwenyewe atafuata. Kazi yangu ndiyo hiyo: napima, naandika, naagiza Dar es Salaam, kisha mzigo ukifika nafunga. Msimu huu wa korosho, waliouza mnadani wanamalizia nyumba zao, na simu yangu haitulii. Hii ni siku yangu ya juzi.

Saa 12 asubuhi. Chai na muhogo wa kuchemsha, mtoto shuleni, mkoba begani. Ndani yake mna tepu ya chuma, pima maji, penseli, daftari na tochi. Ngazi fupi nabeba mkononi. Tepu ya cherehani siitumii kwenye madirisha kwa sababu kitambaa hukubali kuvutwa na kipimo huvutika nacho. Wateja wakiona ile ndoano ya mwanzo wa tepu yangu inacheza huniambia imekufa, ninunue mpya. Haijafa. Imetengenezwa icheze kwa unene wake wenyewe, ili usomaji uwe sahihi ukiivuta nje ya kitu au ukiisukuma ndani ya kona.

Saa 2. Mikindani, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene kiasi cha mtu mzima kukaa dirishani. Nilimwamkia mwenye nyumba: shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, fundi yuko nyuma? Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka kwa furaha akanifungulia vyumba vyote.

Nyumba hizi nazipenda na zinanitoa jasho. Kina kipo cha kutosha, blaindi inaweza kukaa ndani kabisa ya dirisha bila kuugusa ukuta wa chumba. Ila hakuna upande ulionyooka. Upana napima mara tatu, juu, katikati na chini. Dirisha la ukumbini juu lilikuwa milimita 1,214, katikati 1,203, chini 1,221. Kwa blaindi ya kukaa ndani tunashika ile ndogo kuliko zote, 1,203, maana ikikwama katikati haishuki. Kisha napima kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukatisha. Namba mbili zikitofautiana, dirisha limelala upande, na nitajua mapema kuwa nafasi ya mwanga itabaki pembeni. Nilimweleza bibi hayo yote kabla hajatoa senti. Akasema mwanga kidogo haumsumbui, anachotaka ni jua la jioni lisimchome.

Saa 4 na nusu, ofisi moja mjini, blaindi za mikanda ya wima. Kuta mpya, pembe safi, nikamaliza upesi.

Saa 6 nikawa Shangani kwa mzee mmoja aliyestaafu, nyumba nzuri upande wa bahari. Alinipokea mlangoni na karatasi. Alikuwa ameshapima mwenyewe.

"Dada, usijichoshe. Madirisha matatu ya sebuleni ni mapacha. Fremu zimetoka kwa fundi mmoja, siku moja. Vipimo hivi hapa."

"Ahsante baba, umenisaidia. Lakini niruhusu nipime yote."

Hakupenda. Alisimama nyuma yangu tangu dirisha la kwanza, na kila nilipotaja namba alitazama karatasi yake. Fremu za aluminiamu kweli zilikuwa sawa. Ila blaindi ya ndani haikai kwenye fremu, inakaa baina ya lipu na lipu, na lipu hupigwa kwa mkono. La kwanza 1,802. La pili 1,795. La tatu 1,811. Mzee akasema tepu yangu ina kasoro. Nikampa aishike yeye, nikashika ndoano upande wa pili. Ikasoma vilevile.

Ndipo ikaja habari ya karatasi yake. Alikuwa amepunguza sentimita mbili kila dirisha ili isikwame. Hapa ndipo watu wengi huumia, na nitalisema kila nitakapopata nafasi: karakana ukiwaambia hiki ni kipimo cha dirisha, wao wenyewe hupunguza kidogo, kwa kawaida kama sentimita moja. Ukipunguza nawe, imepungua mara mbili. Tena kwenye blaindi ya kuviringisha, kitambaa chenyewe ni chembamba kuliko mabano yanayokishika. Jumlisha hizo nafasi zote na jua linaingia pande mbili siku nzima. Kwa hiyo kwenye oda huandikwa wazi kama ni kipimo cha dirisha au kipimo cha blaindi iliyokamilika. Mzee alinisikiliza, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Nilidhani tumemaliza.

Akasema zote ziwe ndani, kama alivyoona hotelini Dar.

Baba, grili. Nondo za madirisha yake zimefungwa upande wa ndani, na kutoka kwenye nondo hadi usawa wa ukuta kulibaki sentimita nne. Rola yake na mabano yake haviwezi kukaa hapo bila kugonga nondo au kuchomoza nje. Nikamwonyesha kwa penseli, nikamwonyesha kwa tepu, nikachora. Yeye akasema fundi mwingine angeweza. Nikamjibu kwa heshima kwamba anayeweza kukubali ataikubali leo, na siku ya kufunga atamwambia mzee akate grili.

Sikuangalia tena saa. Nakumbuka adhana ya alasiri ilitukuta chumba cha pili bado tunazungumzia nondo, mikono yangu imeshaanza kuuma kwa kuinua tepu juu ya kichwa, jua la magharibi linaingia moja kwa moja machoni. Mama mwenye nyumba ndiye aliyetuokoa. Alileta maji, akatazama dirisha, akauliza: kwani ikikaa nje ya ukuta ina ubaya gani? Haina, mama. Inaziba mwanga vizuri zaidi, mradi tuongeze kama sentimita kumi kila upande na kiasi hicho juu. Mzee akanyamaza, kisha akasema basi iwe nje.

Ikabidi nianze upya, maana vipimo vya nje ni vingine. Sebuleni dirisha la tatu lina swichi ya taa sentimita sita tu kutoka ukingoni, hivyo upande huo hakuna kumi. Chumbani kabati la ukutani linakula kushoto. Nikaandika kila upande peke yake, na mnyororo wa kuvutia upande usio na kabati. Mnyororo niliandika wa plastiki, kwa sababu pale chumvi ya bahari inakula chuma.

Usiku, baada ya kula, ndipo kazi ya kichwa. Nanakili oda kwa wino: chumba, upana kwanza, kimo baadaye, ndani au nje, mnyororo kulia au kushoto. Nikigeuza upana na kimo, dirisha la 1,500 kwa 1,200 linaletewa pazia la dirisha lingine kabisa. Kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar, na iliyokatwa kwa kipimo chako hakuna dukani anayeipokea tena. Ndiyo maana nasoma kila namba kwa sauti, halafu namwomba mume wangu anisomee nami nifuate kwa kidole. Macho yanauma, lakini hakuna mstari ninaouruka.

Saa 3 na nusu mzee akapiga. Ameshauriana na mama, vyumbani wanataka kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, na rangi si maziwa tena, ni kijivu. Nikamwambia sawa baba, vipimo havibadiliki, rangi nabadilisha sasa hivi, oda inaondoka saa 2 asubuhi.