Ceska Badala ya Tokarev: Nilivyochagua Bastola Yangu ya Kwanza

Kwa mtu aliyekulia Kenya, bastola ina jina moja tu, nalo ni Ceska. Taarifa ya habari ya saa moja jioni ilikuwa haimalizi wiki bila kutaja "bastola aina ya Ceska" iliyopatikana pamoja na risasi kadhaa, na sisi watoto tulidhani kwamba hilo ni neno la Kiswahili kama panga au rungu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkaazi wa kudumu hapa Texas, ndipo nilipogundua kwamba ni nusu ya jina la kiwanda, Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, ambacho bastola zake hutoka katika mji wa Uherský Brod.

Mwaka jana niliamua kununua bastola yangu ya kwanza, kwa ajili ya kulenga shabaha siku za Jumamosi pamoja na wenzangu wa kazini. Nilitaka bastola ya mtindo wa kijeshi, ya chuma kitupu, iliyo imara na isiyo ghali, na bajeti yangu ilikuwa dola 800 kwa kila kitu. Nilimpigia simu mjomba wangu, askari jeshi mstaafu, naye akaniuliza maswali mawili: "Unaitakia nini? Na risasi zake utazitoa wapi?" La kwanza nilimjibu papo hapo. La pili nililiona kuwa swali la mzee asiyeijua Marekani, nchi ambayo risasi huuzwa hata katika maduka ya kujihudumia. Nililazimika kumpigia tena baada ya mwezi mmoja kumwambia kwamba swali la maana lilikuwa hilo la pili.

Bastola iliyoniteka macho kwanza ilikuwa Zastava M57, ambayo ni Tokarev iliyotengenezwa Yugoslavia, kwa bei ya dola 280. Tokarev ni muundo wa Kisovyeti wa miaka ya 1930, bastola nyembamba na bapa ambayo mtu akiitazama kwa ndani ataona kwamba mengi yametokana na kazi ya Mmarekani John Browning, mbunifu wa silaha. Ya asili haina komeo la usalama. Hii ya dukani ilikuwa na kikomeo kilichoongezwa baadaye, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inataka bastola zinazoingizwa kutoka nje zitimize masharti fulani ya usalama. Nilikisukuma kikomeo hicho kwa kidole gumba, nacho kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikamuuliza muuzaji kama ana risasi zake, zile za milimita 7.62 kwa 25 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake), akacheka kidogo na kunielekeza rafu tupu.

Maelezo yake yalinisaidia kuliko bastola yenyewe. Kwa miaka mingi silaha hizi za Ulaya ya Mashariki zilikuwa nafuu kwa kuwa risasi zake nazo zilikuwa nafuu, na nyingi zilitoka Urusi. Tangu Septemba 2021 serikali ya Marekani imezuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi, na mtu wa bajeti ndogo akabaki na bastola rahisi inayokula risasi adimu. Makarov, bastola nyingine ya Kisovyeti, imekumbwa na tatizo hilo hilo. Risasi yake huitwa ya milimita 9, lakini kichwa chake kina kipenyo cha takriban milimita 9.27, ilhali cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kwa 19 ni takriban 9.01. Kwa hiyo anayedhani kwamba atanunua boksi lolote lililoandikwa tisa amepotea.

Baadaye nilikodi bastola ya M1911 katika uwanja wa shabaha, ya chapa ya Rock Island inayotengenezwa na kampuni ya Armscor ya Ufilipino. Jeshi la Marekani lilitumia muundo huu tangu 1911 hadi ulipochukuliwa nafasi na Beretta, bastola ya Kiitaliano ya milimita 9, mwaka 1985, na nakala hizi za Kifilipino huuzwa kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaweza kuimudu. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja bila risasi, na teke lake si la kutisha kama watu wanavyosimulia; ni kama mtu anayekusukuma begani kwa upole. Niliipenda mno. Hata hivyo, pale uwanjani boksi la risasi 50 za .45, ambazo ndizo za bastola hii, lilinigharimu dola 27, na la milimita 9 dola 14. Kwa risasi 500, ambazo ndizo nilizopanga kuanzia mazoezi, tofauti ilikuwa dola 130.

Beretta 92 niliifikiria kwa muda mfupi tu, kwa kuwa mpini wake ulikuwa mnene kwa kiganja changu. Inafaa kutajwa kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya bastola hizo katika jeshi la Marekani zilipasuka sehemu ya juu, ile inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, na kipande cha nyuma kikamrukia mpigaji usoni. Kiwanda kikapanua kichwa cha pini ya nyundo ili kikizuie kipande hicho, na toleo hilo likaitwa 92FS. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya silaha iliyopita jeshini ndiyo hiyo: kasoro zake zimekwisha kumuumiza mtu mwingine na kurekebishwa kabla hujaigusa wewe.

Hatimaye nilirudi kwenye jina la utotoni. Niliikuta CZ 75 B iliyotumika (CZ ni kifupi cha Česká zbrojovka), kwa dola 430. Muundo huu ulitoka mwaka 1975 mikononi mwa ndugu wawili wa ukoo wa Koucký, na jambo la kushangaza ni kwamba ulikusudiwa kuuzwa nje, kwa kuwa risasi ya milimita 9 kwa 19 haikuwa ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Kisovyeti ambao nchi ya Wacheki ilikuwa ndani yake. Sehemu yake ya juu huteleza ndani ya reli za fremu badala ya kuzipanda kwa nje, ndiyo maana inatulia vizuri mkononi, ingawa mkono wenye jasho hukosa pa kuishika unapotaka kuivuta. Nilimulika mtutu kwa tochi, nikahakikisha kwamba komeo linakaza, na kwamba sehemu ya juu inabaki nyuma magazini, yaani kisanduku cha risasi, ikiwa tupu. Kisha nikajaza fomu namba 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, nikaonyesha kadi ya ukaazi na leseni ya udereva, na muuzaji akapitisha jina langu katika mfumo wa uchunguzi wa FBI. Sheria ya shirikisho inamtaka mnunuzi wa bastola dukani awe na miaka 21, na mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi.

Ukiongeza sefu ya dola 90, ambayo mke wangu alitaka iingie nyumbani kabla ya bastola yenyewe, vikinga masikio na miwani dola 45, darasa la siku moja dola 80 na risasi 500 kwa dola 140, jumla ni dola 785.

Kosa langu lilikuja kwenye dola 15 zilizobaki. Nilinunua magazini ya ziada ya chapa nisiyoijua, ya bei ya kutupwa, na Jumamosi ya pili risasi ya tatu ikakwama imesimama wima nyuma ya mtutu, kabla ya kuingia ndani. Mwalimu aliniamuru nisiondoe macho wala mtutu kwenye shabaha, nichomoe magazini kwanza, ndipo nivute sehemu ya juu. Ilikwama mara nne asubuhi hiyo, na magazini ya kiwandani haikukwama hata mara moja. Ile mbovu nimeipaka rangi nyekundu ya kucha za mke wangu, nami huitumia kufanyia mazoezi ya kuondoa risasi iliyokwama.