Klipu zilizobaki kwenye bati

Vitabu vya gari vina sentensi moja ya uvivu. Baada ya kurasa nzima za kueleza namna ya kubandua paneli ya mlango, picha na mishale kila kona, mwishoni wanaandika: kurudishia, fuata hatua hizi kinyumenyume. Basi. Kila ninaposikia mlango unaogongagonga kwenye barabara ya vumbi, sentensi hiyo hunijia. Kubandua kunataka subira na kijiko cha plastiki, kile kifaa bapa cha kubandulia paneli. Kurudishia kunataka ujue kilichoharibika wakati wa kubandua, na hicho hakionekani kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Chukulia mlango wa mbele wa Toyota ndogo, hizi Vitz, IST na Probox zinazoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa zikiwa zimeshatumika Japani. Paneli ya mlango hushikwa kwa namna tatu. Kuna skrubu mbili tatu, kwa kawaida moja ndani ya kishikio cha kuvutia mlango na nyingine nyuma ya kifuniko kidogo kwenye kitasa cha ndani. Kuna klipu, vibanio vidogo vya nailoni vinavyozunguka ukingo wa chini na wa pembeni. Halafu kuna ukingo wa juu, unaoning'inia kwenye bati pale kioo kinapozama. Skrubu ukiisahau utaiona imebaki kwenye sahani. Klipu ndiyo inayodanganya.

Kichwa cha klipu hukaa kwenye kijifuko nyuma ya paneli, chenye tundu mfano wa tundu la ufunguo: pana upande mmoja, jembamba upande wa pili. Shina lake huingia kwenye tundu la bati. Ukivuta paneli, shina linatakiwa litoke kwenye bati na kichwa kibaki na paneli. Lakini gari likishakaa juani miaka kumi na tano, nailoni imekauka, na mara nyingi mambo huwa kinyume: klipu inang'ang'ania bati, paneli inatoka yenyewe, pengine na kijifuko kimemeguka. Fundi mwenye haraka huiacha klipu palepale akiamini kwamba akiigonga paneli itajishika. Haijishiki. Kichwa huingia kwenye kijifuko kwa kutelezeshwa pembeni, hakiingii kwa kusukumwa mbele. Ukigonga, ama kijifuko kinapasuka au paneli inakaa imeinuka milimita mbili tatu, na kelele inaanzia hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzunguka mlango kwa tochi na kutoa kila klipu iliyobaki kwenye bati. Ingiza kijiko chini ya shingo yake, pande zote mbili kwa zamu, uiinue taratibu. Koleo likilazimu, bana shingo, usibane kichwa. Telezesha nzima kwenye vijifuko vya paneli, kisha hesabu matundu ya klipu kwenye bati na klipu zilizokwishapangwa kwenye paneli. Hesabu zikipishana, usiinue paneli bado.

Klipu ya kutupwa hujulikana: miguu ya shina lake imelala haijitanui tena, shingo imepauka na kuwa nyeupe kwenye mkunjo, au kile kisahani cha sponji au mpira kinachoizunguka kimeliwa. Wengi hukidharau kisahani hicho. Kazi yake ni kuziba tundu la bati ili maji na vumbi visipite, na kuzuia plastiki isisugue chuma. Ukienda kununua, Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi, beba ya zamani mfukoni. Linganisha unene wa shina, urefu wa shingo kati ya kichwa na kisahani, na upana wa kichwa. Shina likizidi milimita moja halitaingia, au litaingia kwa nguvu na lisitoke tena bila kuvunja kitu; likipungua kidogo, paneli itatoka siku mtu atakapoufunga mlango kwa hasira. Namba nyingi za klipu halisi za Toyota huanza na 90467, lakini tarakimu zinazofuata ndizo zenye maana, maana klipu mbili zinaweza kufanana kwa macho zikatofautiana kwa shina. Nunua tatu nne za ziada kwa kila mlango. Bei yake haifiki nauli ya kurudi dukani.

Kabla ya paneli kuna nailoni, ile karatasi laini iliyobandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningemlazimisha kila fundi akirudishe ipasavyo, ni hiki. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, kati ya kioo na mpira wa nje, na mlango umeundwa hivyo: yanateremka upande wa ndani wa bati la nje na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja upande wa abiria. Ikichanwa, au ikibandikwa nusu, maji hupita nyuma ya paneli, yanadondokea kizingiti na kuingia chini ya kapeti. Masika moja inatosha gari lianze kunuka uvundo. Mwenye gari atalaumu mpira wa kioo cha mbele, atatumia fedha huko, na kapeti litaendelea kulowa. Paneli zenye mgongo wa ubao laini ndizo huumia zaidi: ubao unavimba, vijifuko vya klipu vinang'oka vyenyewe.

Gundi ile ya zamani mara nyingi inafaa kutumika tena iwapo haikushika vumbi. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ikishalainika bandika nailoni ukibonyeza kwa kidole mstari wote, usiache hata inchi moja. Iliyochafuka ikwangue, uweke kamba mpya ya gundi ya butili, inauzwa kwa roli. Tundu la nailoni lizibe kwa tepu pana. Usitumie silikoni ile yenye harufu ya siki: asidi yake inakula chuma kisicho na rangi, na siku ya kubandua tena nailoni itachanika vipandevipande. Ukingo wa chini uangalie mara mbili. Kwenye milango mingi unatakiwa uingie ndani ya mlango ili maji yatiririke kuelekea bati la nje. Ukining'inia upande wa abiria, umejenga mfereji wa kupeleka maji kwenye kapeti. Halafu mwaga lita moja ya maji juu ya kioo kwa nje, uone kama yanatoka chini ya mlango. Yasipotoka, vitundu vimeziba kwa tope; zibua kwa waya laini.

Sasa paneli. Ishike karibu na mlango bila kuining'iniza, uunganishe kwanza nyaya za kitasa na soketi za umeme: swichi ya vioo, taa ya mlangoni, spika ndogo kama ipo. Waya wa kitasa una sehemu mbili: kichwa cha duara kinachokaa kwenye mkono wa kitasa, na ganda la nje linalobanwa kwenye mfereji wake. Ganda lisipokaa, kitasa kitavutika na mlango hautafunguka. Kipimo chake ni rahisi, na ajabu ni kwamba wengi hukiruka. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kufuli kwa bisibisi hadi ujifunge kana kwamba mlango umefungwa, kisha vuta kitasa cha ndani. Ulimi ukiachia, vizuri. Rudia kwa kitasa cha nje. Kufunga mlango kabla ya kipimo hiki ni kujitafutia kazi.

Ning'iniza ukingo wa juu kwanza, ukiusukuma chini kwenye bati kwa urefu wake wote, na hakikisha mpira wa kioo haukujikunja. Kisha elekeza pini ya plastiki isiyo klipu, ile iliyo moja au mbili nyuma ya paneli. Ndiyo inayopanga paneli mahali pake. Ikishaingia, klipu zote zitakuwa zimetazama matundu yake. Piga kwa kiganja juu ya kila klipu, kuanzia pembe moja kwenda nyingine, na sikiliza mlio mkavu mmoja kwa kila moja. Mlio butu maana yake shina limegonga bati pembeni ya tundu. Usipige mara ya pili kwa nguvu zaidi. Vuta, chungulia, nyoosha klipu, anza tena.

Skrubu huja mwisho. Iweke kwenye tundu, uizungushe kinyume taratibu hadi uhisi imedondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Bila hivyo itajichimbia njia mpya, na baada ya mara tatu nne plastiki haina tena cha kushika. Kaza kwa mkono, si kwa mashine. Tena kila skrubu irudi tundu lake, kwa sababu ndefu ikikaa pa fupi inaweza kugusa mashine ya kioo.

Nguzo za mbele, zile za pembeni mwa kioo cha mbele, na plastiki za juu ya milango ni habari nyingine. Plastiki ya nguzo ikiwa imeandikwa SRS AIRBAG, nyuma yake kuna eabegi ya pazia, mfuko wa hewa unaoshuka kando ya vioo ajali ikitokea. Toyota huelekeza kutoa waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eneo hilo. Kabla ya kutoa waya, itazame redio: nyingi za Japani zenye ramani, zile za namba zinazoanza na NSZT, umeme ukikatika huomba kadi ya SD ya ramani au namba ya kufungulia, na bila hivyo hubaki pambo. Hakikisha kadi ipo kwenye redio na ni yake.

Klipu ya nguzo yenye eabegi ina shina refu au kamba inayoiruhusu plastiki ifunguke kidogo bila kuruka usoni mwa mtu. Ikivunjika tafuta kama yake; gundi au klipu ya mlango havifai hapo. Usijaze sponji nyuma yake ili kuua kelele, na waya wa kamera ya dashibodi upite nyuma ya eabegi ukifuata waya za gari zilizopo, usikatize mbele yake. Nguzo ya katikati, kama ulifungua bolti ya mkanda wa usalama, hiyo haikazwi kwa kukisia. Kwa Toyota nyingi nguvu ya kukaza ni Nm 42 (nyutoni-mita). Angalia mkanda haukujipinda, kisha uvute ghafla uone kama unajifunga.

Kuna jambo la joto ambalo huwasumbua mafundi wa pwani bila wao kulitambua. Plastiki ya kizingiti yenye urefu wa mita moja, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka milimita mbili hadi nne hivi. Ndiyo maana tundu moja huwa duara kamili na mengine yamerefushwa. Panga lile la duara kwanza. Ukianzia mwisho wa paneli iliyokuwa juani saa saba mchana, klipu ya mwisho haitafika, na ukiilazimisha paneli itapiga tao. Iache kivulini kwanza. Mpira wa mlango nao lazima ulale juu ya ukingo wa plastiki: pitisha kamba nyembamba chini ya ulimi wa mpira kabla ya kubandika, kisha ivute taratibu, ulimi utapanda wenyewe.

Kijifuko kikimeguka, soma mgongo wa paneli kabla ya kununua gundi. Pameandikwa aina ya plastiki kati ya alama mbili: >ABS<, >PP<, au PP yenye herufi nyingine nyuma yake. ABS hushikwa vizuri: yeyusha vipande vyake kwenye asetoni hadi viwe uji, pakaa, acha hadi kesho. PP haikubali. Supaglu na epoksi ya kawaida hukaa juu yake kama ganda na kubanduka siku ya kwanza ya joto. Iyeyushe kwa pasi ya fundi redio, ukiongezea plastiki ya PP, hata kifuniko cha ndoo chenye pembetatu ya namba 5, na uzamishe kipande cha wavu mwembamba wa chuma ndani yake. Fanyia mahali penye hewa, usizame zaidi ya nusu ya unene, la sivyo alama itatokea upande wa abiria.

Kelele ikibaki baada ya yote, mtu mwingine aendeshe kwenye barabara mbovu huku wewe ukibonyeza paneli moja baada ya nyingine kwa kiganja. Ikinyamaza ukibonyeza ukingo, weka tepu ya kitambaa pale plastiki mbili zinapogusana, lakini isipite chini ya klipu maana itaiinua. Isiponyamaza popote, acha plastiki: fungua tena uangalie fimbo ya kufuli ndani ya mlango, na bolti za reli ya kioo.