Nilivyokwama Womelsdorf

Dola 38! Hiyo ndiyo nauli niliyotozwa na gari la kukodi kutoka Reading hadi Womelsdorf, kimji cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwendo usiofika hata nusu saa. Dereva alinishusha, akageuza, akatokomea. Nyumba ya mawe niliyoifuata nikaikuta imefungwa, siku hiyo hawapokei wageni. Nikashika simu kuita gari jingine: hakuna. Baada ya robo saa nikajaribu tena: hakuna. Na baridi ya Novemba ilikuwa inatafuna masikio.

Mimi ni mkalimani. Naishi Lancaster, walikohamia Wakongo wengi waliokimbia vita, na kutwa nasimama kati ya daktari na mama wa Uvira anayeeleza jinsi tumbo linavyomsokota. Conrad Weiser, mwenye nyumba ile zamani, naye alikuwa mkalimani, kati ya Wazungu na wenyeji wa asili wa Marekani, kabla ya kuwa askari. Alizaliwa Württemberg, Ujerumani, mwaka 1696. Mama yake alifariki 1709, na mwaka uliofuata baba alivuka bahari na watoto hadi New York, pamoja na maelfu ya Wajerumani maskini ambao Waingereza waliwataka watengeneze lami ya misonobari kwa ajili ya meli. Lami haikupatikana ya maana, posho ya chakula ikakatwa. Mwishoni mwa 1712 baba akamkabidhi Conrad, kijana wa miaka 16, kwa Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili, akajifunze lugha yao.

Aliandika mwenyewe baadaye kwamba alipigwa na baridi na njaa, na kwamba wenyeji wake wakilewa alikuwa anajificha wasimuue. Julai iliyofuata akarudi, lugha anayo. Mimi nilipelekwa Lushoto nikiwa na miaka 11, kwa rafiki wa baba, mtoto wa Tanga mjini nisiyejua baridi wala neno moja la Kisambaa. Sikuwahi kumuuliza baba sababu. Usiku nililala nimejikunja, mikono katikati ya magoti, nikimkasirikia.

Basi nikazunguka bustanini ili nisigande. Weiser na mkewe, Anna Eva, wamezikwa hapo hapo. Jiwe la Weiser ni la zamani, herufi zimelika, lazima upapase kwa kidole ndipo usome. Karibu yake kuna sanamu ya Shikellamy, kiongozi wa Waoneida, kabila jingine la wenyeji wa asili, na rafiki mkubwa wa Weiser.

Mbwa ndiye aliyenifikia kwanza, kisha mzee mwenye kofia ya sufu. Akauliza kama nimepotea.

"Hapana, mzee. Nimekwama."

Akacheka, akaonyesha kaburi. "Huyu ni babu yetu. Kwa upande wa mama, vizazi vingi nyuma."

Nikasahau baridi. Akanisimulia vita vya 1755: wapiganaji wa Wadelaware, nao wenyeji wa asili, waliposhambulia mashamba ya mpakani, Weiser, mtu wa karibu miaka 60, alikusanya wakulima wenzake wenye bunduki na mashoka, na baadaye akapewa cheo cha luteni kanali na ngome za kulinda. Nikamuuliza kuhusu Albany, 1754, ambako Weiser aliwasaidia akina Penn, familia iliyomiliki koloni la Pennsylvania, kununua ardhi kubwa kutoka kwa Wairokwoi, muungano wa makabila wakiwemo Wamohawk na Waoneida; ardhi ambayo Wadelaware na wengine walikuwa wanaishi juu yake. Mzee alinyamaza kidogo. "Ndiyo," akasema. "Hilo nalo ni letu." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Mkalimani anayebeba maneno ya mwenye nguvu hawezi kusema mikono yake haikushika kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kutafsiri barua ya kumfukuza mtu nyumbani.

Tulipofika kwa wajukuu wa Weiser, uso wa mzee uling'aa. Anna Maria, binti wa Weiser, aliolewa 1745 na mchungaji Henry Melchior Muhlenberg. Mtoto wao Peter akawa jenerali wa George Washington katika vita vya uhuru wa Marekani na kupigana Yorktown mwaka 1781; mdogo wake Frederick akawa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, 1789. (Kesho yake nilikwenda Trappe, kwenye kaburi la Peter na kanisa la baba yake la 1743. Pazuri, ila mvua ilininyeshea na chai ya hotelini ilikuwa maji ya moto tu, kwa dola nne.)

Mzee akasema bibi yake alizungumza Kijerumani cha Pennsylvania mpaka kufa kwake. Kiingereza alikikuta *Schul*.

"Sisi pia tunasema shule," nikamwambia. "Tulilipata kwa Wajerumani waliotutawala."

Akasimama. "Shule," akajaribu. "Shule." Akalirudia hadi tukafika kwenye pikapu yake.

Alinirudisha Reading na akakataa katakata pesa ya mafuta. Njiani nilimweleza jambo nililolisoma: mwaka 1761, mwaka mmoja baada ya Weiser kufa, msemaji wa Wairokwoi alisimama mkutanoni Easton akasema wamekaa gizani, kwa kuwa tangu afe hawaelewani vizuri na Wazungu. Mzee hakujibu kitu, alipunguza tu redio.

Saa nne usiku nikampigia baba. Tanga kulikuwa kunapambazuka, nikasikia jogoo. Nikamuuliza kwa nini Lushoto.

"Mwanangu," akasema, "si ndiko kulikokuwa na shule."