Homa ya Ndoo ya Kwanza

Juzi binti yangu alikuwa akipekua droo ya jikoni kutafuta kalamu, akaibuka na kipimajoto changu kirefu cha kioo, kile cha kupikia bia. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuzageuza.

"Baba, hiki kinapima homa ya nani?"

Nilikuwa naosha vyombo. Mikono ikasimama ndani ya maji.

Ilikuwa ndoo yetu ya kwanza: mimi, Mwalimu na Shemeji. Mwaka mzima tulikuwa tumezunguka viwanda vidogo vya bia, tukionja na kubishana, Mwalimu akimhoji mpishi hadi taa zinazimwa. Siku moja Shemeji akachoka kutusikiliza. "Maneno mengi nyie. Tupike yetu." Ndivyo ilivyoanza, bila mpango wowote zaidi ya huo.

Tuligawana manunuzi. Shemeji alileta kilo nne na nusu za kimea cha shayiri, kimeshaparazwa. Mimi nilileta hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, aina ya Cascade. Hamira Mwalimu aliidai mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Alikuwa na maneno yake ya kila siku kuhusu hamira: kwamba ile sheria ya bia ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji peke yake. Hamira haimo, na wakati ule hakuna aliyejua kuwa ni kitu hai. "Mpishi mwenyewe ndiye hakuandikwa," alikuwa akisema, na kila akisema hivyo macho yanamng'aa kama vile kagundua leo.

Tulipika tangu asubuhi. Kimea tulikiloweka saa nzima kwenye maji ya nyuzi 66, wanga ukageuka sukari, nyumba ikajaa harufu ya nafaka tamu ambayo mpaka leo nikiisikia popote nasimama. Tukachuja, tukatoa machicha, tukachemsha saa nyingine. Hopsi za uchungu ziliingia mwanzoni, za harufu mwishoni kabisa. Jioni Mwalimu akaitwa kazini. Akiwa mlangoni anavaa viatu aliniambia mara mbili: "Ipoe mpaka nyuzi 20 hivi, ndipo utie hamira. Usiwe na haraka." Shemeji alikuwa keshalala kwenye kochi.

Nikabaki peke yangu na sufuria, imekaa kwenye beseni la maji na barafu. Nikachovya kipimajoto pembeni, kwenye ukingo, kikasoma 24. Sikukoroga. Nilijua kwamba pembeni hupoa kwanza na katikati hubaki na moto wake, lakini usiku ule nilitaka kuiona hamira ikiingia, na nilitaka niwe mimi niliyeitia. Nikahamishia yote kwenye ndoo kwa mpira, nikakata pakiti, nikainyunyiza juu. Punje zilielea kidogo, zikaanza kuzama.

Kisha, sijui kwa nini kisha na si kabla, nikachovya kipimajoto katikati ya ndoo.

Nyuzi 53.

Hamira ya bia ya namna ile hupenda nyuzi 18 hadi 22. Kwenye 53 hufa. Nilisimama pale huku nikiangalia ule mstari mwekundu kama vile ungeshuka kwa kuangaliwa. Halafu nikafunga kifuniko, nikapachika kizibo cha kupumulia, kile cha plastiki chenye maji kinachotoa hewa nje bila kuiruhusu irudi ndani. Nikafuta kipimajoto kwa kitambaa. Nikakirudisha kwenye droo.

Siku ya kwanza kimya, na kimya cha siku moja ni cha kawaida. Siku ya pili Mwalimu alikuja na haidromita yake, kile chombo cha kupimia sukari iliyomo. Ikasoma 1.050, vilevile kama siku tulipopika, hakuna hata chembe ya sukari iliyoliwa. Akaichukua ile pakiti tupu kutoka kwenye takataka, akasoma tarehe. Tarehe ilikuwa nzuri. Akakaa. Akaishika kwa vidole viwili, akifikiri, kisha nikaona uso wake ukibadilika.

"Niliiacha garini," akasema. "Mchana kutwa, juani. Jamani, nisameheni. Nimeiua mimi."

Shemeji akamwambia asijali. Nami nikasema, na hayo maneno nayakumbuka moja moja: "Hayo hutokea, Mwalimu."

Jioni ileile akatupeleka kwenye kiwanda kimojawapo kati ya vile vidogo tulivyokuwa tukienda. Alimweleza mpishi shida yetu, akijitaja yeye kwa kosa lile, na mpishi hakuuliza mengi. Alikwenda kwenye tangi lililokuwa limemaliza kuchachuka, akafungua bomba la chini, akakinga mtungi wa kioo. Ikatoka hamira nzito kama uji, rangi ya maziwa yaliyogandishwa. Malipo akayakataa. Kifuniko, akasema, tusikikaze, na mtungi tuuweke baridi njiani.

Mwalimu aliupakata mtungi ule safari nzima, kaufunga taulo lililolowa. Ndipo akatusimulia habari za Jacobsen, mwanzilishi wa kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Denmark, inavyosimuliwa kwamba mwaka 1845 alisafiri kwa gari la farasi kutoka München hadi Copenhagen na hamira aliyopewa kwenye kiwanda cha Spaten, na kila kituo akishuka kulimwagia kopo lake maji baridi, hamira isije ikamfia. Na kwamba baadaye, mwaka 1883, mwanasayansi Hansen alipofanikiwa kutenga hamira safi kwenye maabara ya Carlsberg, hawakuificha, waliwagawia wapishi wengine. "Hivi ndivyo inavyokwenda tangu zamani," alisema akiugusa mtungi. "Mtu anakupa." Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Nilitazama kisogo chake njia nzima.

Tuliitia saa mbili usiku. Nyuzi 20, pembeni na katikati. Nilikoroga mimi, nikapima mara tatu.

Hakuna aliyekwenda kulala. Tuliketi sakafuni kuizunguka ndoo, migongo ikiegemea kabati. Friji ilikuwa ikinguruma, Shemeji akainuka akaing'oa kwenye umeme. Baadaye akazima na taa, akisema masikio hufanya kazi vizuri gizani, tukabaki na mwanga mdogo tu wa nje uliopita dirishani na kutua kwenye kile kizibo. Maji yake yalikuwa yamelala sawa pande zote mbili. Saa nne yalikuwa sawa. Saa sita yalikuwa sawa. Watu watatu wazima, na hakuna aliyesema neno, maana kila mtu aliogopa kuifunika sauti ambayo ingekuja.

Kama saa nane na nusu hivi Mwalimu akaniminya goti. Akaonyesha kwa kidole. Maji ya upande mmoja yalikuwa yamepanda. Kidogo sana, unene wa ukucha, lakini yalikuwa yamepanda, na yalikuwa yanatetemeka. Chini ya kifuniko kile kitu kilikuwa kinavuta pumzi. Mwalimu akalala kifudifudi, akaliweka sikio lake kwenye ubavu wa ndoo, akafumba macho, akainua mkono mmoja kama anayeiomba dunia nzima inyamaze. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kope zake. Maji yakapanda tena. Yakasita. Nikagundua kwamba nimebana pumzi.

Bup.

Kiputo kimoja. Hakuna aliyejongea.

"Ni hai," Mwalimu akanong'ona, bado macho kafumba. Machozi yalikuwa yanamtoka, yakienda upande, kuelekea sakafuni. "Nilidhani nimewaharibia."

Hapo ndipo. Kama kulikuwa na mahali pa kusema, palikuwa hapo, gizani, na midomo nilikuwa nimeshaifungua. Kikaja kiputo cha pili, Shemeji akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, kikaja cha tatu, wakacheka wote wawili, mtu akawasha taa.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Wiki mbili haidromita ikashuka hadi 1.011, bia ya kama asilimia 5. Tukaijaza kwenye chupa na sukari gramu 6 kwa kila lita ili ipate gesi, tukasubiri wiki tatu. Ilikuwa nzuri. Uchungu wake ulitangulia kidogo, kisha ile harufu ya Cascade, kama ganda la balungi, ikafuata nyuma. Nimekunywa bia bora zaidi tangu hapo, nyingine tumepika wenyewe. Sijakunywa nyingine nikiwa na furaha na uzito vikiwa pamoja kifuani namna ile.

Tangu siku hiyo Mwalimu huja na pakiti mbili za hamira, moja ya kutumia na moja ya akiba, ndani ya kisanduku cha barafu. Hajawahi tena kuacha hamira garini. Na akiwa na wanaoanza, maana sasa anafundisha watu wengi kupika, huwasimulia kisa cha ndoo yetu ya kwanza. Anawaambia: mimi niliiua. Wanaelewa upesi, wanaanza kuilinda hamira yao na jua. Kanuni anayowafundisha ni sahihi kabisa. Kisa chenyewe ndicho si chake, na mimi mara nyingi nimo chumbani humo humo, nasuuza chupa.

Binti yangu alikuwa bado anasubiri. Nikakausha mikono.

"Kinapima bia," nikamwambia.

"Bia inaugua?"

"Moja iliugua. Zamani, hujazaliwa."

"Nani aliiponya?"

"Mwalimu."

Akakubali, maana Mwalimu anamjua na anaamini anaweza. Akakishika kile kipimajoto kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akautazama ule mstari mwekundu kwa karibu.

"Na homa iliipata wapi?"

Nikamwambia Mwalimu anakuja Jumamosi.