Utafiti uko wapi?

Juzi usiku nimepokea voisi ya dakika saba WhatsApp kutoka kwa dogo mmoja anayesoma masta, tulikutana mara moja tu kwenye warsha ya uandishi, na nimeisikiliza mara tatu maana alikuwa anaongea kwa ile hasira ya mtu anayejizuia asilie. Kapeleka propozo chuoni kwao, anataka tasnifu yake iwe riwaya, riwaya kabisa, ya wamama wanaoanika dagaa mwaloni, ufukweni mwa ziwa, kule Kirumba, Mwanza, alikokulia, na kwenye paneli mtu mmoja akamuuliza, "Sasa hapa utafiti uko wapi?" Wakamshauri achukue riwaya ya mtu mwingine aichambue, hiyo ndo itakuwa tasnifu. Mwisho wa voisi ananiuliza, "Dada, kwani mimi nikiandika ndo sijatafiti?"

Swali hilo la utafiti uko wapi mimi nimeulizwa miaka kumi na moja iliyopita, ugenini, nikiwa nimesimama mbele ya watu wanne na koti la kuazima mwilini. Nilijibu, "Umo ndani ya hadithi," afu nikanyamaza. Walinipitisha, ila lile jibu fupi limenikaa kooni mpaka leo kwa sababu lilikuwa kweli ila halikutosha, na dogo anastahili jibu refu.

Tuanzie Iowa. Ni jimbo la mahindi na nguruwe katikati ya Marekani, na kwa Wamarekani ndiko hii habari ya kumpa mtu digrii ya juu kwa kazi ya ubunifu ilikoanzia. Mwaka 1922 mkuu wa masomo ya uzamili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Carl Seashore, alitangaza kwamba kazi za sanaa na uandishi zinaweza kupokelewa kama tasnifu. Seashore hakuwa mshairi. Alikuwa mwanasaikolojia wa maabara, mtu wa vipimo, mwaka 1919 alikuwa ametoa majaribio yake ya kupima kipaji cha muziki, yaani kuangalia sikio la mtu linatofautishaje sauti ya juu na ya chini. Mtu aliyeshinda maabara akipima masikio ya watu ndiye aliyesema shairi nalo lipokelewe, na kila nikisikia mtu anadai sayansi haiwezi kukubali kitu kama hiki namkumbuka yeye.

Ile karakana yao maarufu ya waandishi, Iowa Writers' Workshop, ilikuja baadaye, 1936. Paul Engle aliyeiongoza kuanzia 1941 hadi 1965 naye masta yake pale aliipata kwa mashairi, yakatoka kitabu 1932. Mwaka 1945 kuna binti kutoka Georgia alikwenda ofisini kwake akaongea, na Engle hakumwelewa hata neno kwa lafudhi yake, ikabidi amwambie aandike kwenye karatasi anachotaka. Akaandika kwamba jina lake ni Flannery O'Connor na anaomba kujiunga na karakana. Mwaka 1947 akatoa tasnifu ya hadithi fupi sita, na leo hakuna orodha ya waandishi wakubwa wa hadithi fupi wa Marekani inayomruka. Mimi niliyeambiwa mara ngapi sijui "samahani, unaweza kurudia?" darasani, hicho kikaratasi nakipenda sana.

Ila kinachonigusa kuliko vyote ni chumba kimoja. Miaka michache kabla ya O'Connor, mabweni ya chuo yalikuwa hayapokei wanafunzi weusi, kwa hiyo wasichana wawili weusi wakakaa chumba kimoja nje ya chuo, wote wamezaliwa mwaka mmoja, 1915. Mmoja mchongaji, Elizabeth Catlett, ambaye kabla ya hapo chuo kimoja cha Pittsburgh kilimkataa kwa rangi yake. Mwingine mshairi, Margaret Walker, katokea Chicago. Wote wamemaliza 1940 na hakuna aliyechambua kazi ya mtu mwingine. Walker alipeleka mashairi. Catlett alipeleka jiwe.

Jiwe jamani. Jiwe la chokaa, mama mweusi na mtoto wake. Mwalimu wake alikuwa Grant Wood, yule aliyechora ile picha ya mkulima mwenye uma wa kurushia nyasi na mwanamke kasimama pembeni yake, na alikuwa akiwahimiza wanafunzi wafanye kitu wanachokijua kuliko vyote. Watu wengi wanalichukua neno hilo kama ruhusa ya kupumzika, kwamba kama unakijua basi kaa chini umwage tu. Hebu fikiria kwa Catlett lilikuwa na maana gani. Mama mweusi anamjua, ndio, amelelewa naye, ila kwenye jiwe bado hamjui, itabidi ajue uzito wa mtoto unakaa wapi kwenye mkono, bega linashuka kiasi gani, shingo inainama vipi mtu akiwa amechoka ila hataki kumwachia mwanawe, na jiwe la chokaa ukishalivunja hulirudishi. Kila pigo la patasi ni uamuzi, na uamuzi huwezi kuufanya kama hujachunguza. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kwanza ya uchongaji kwenye maonyesho makubwa ya Wamarekani weusi Chicago mwaka huohuo wa 1940. Yeye baadaye akahamia Mexico, akachukua uraia wa kule, akafundisha uchongaji kwenye chuo kikuu cha taifa. Na mwaka 2017 chuo cha Iowa, kilekile ambacho hakikumpa kitanda, kikafungua bweni kubwa lenye jina lake.

Mashairi ya Walker yalitoka kitabu 1942 baada ya kushinda shindano la Chuo Kikuu cha Yale la washairi vijana. Angeweza kuishia hapo. Lakini tangu utotoni bibi yake alikuwa akimsimulia usiku kuhusu mama yake, yaani mama wa huyo bibi, aliyeishi utumwani Georgia, na Walker alikuwa ameahidi kuiandika habari hiyo. Ameianza akiwa na miaka 19. Afu maisha yakaingia kati, ndoa, watoto wanne, kufundisha Mississippi, na katikati ya hayo yote anasoma historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anasoma masimulizi ya waliokuwa watumwa, anaenda Georgia kufuatilia nyaraka. Miaka ya sitini akarudi Iowa, mtu mzima na familia yake, na 1965 riwaya hiyo ikawa tasnifu yake ya PhD, mwaka uliofuata ikachapishwa. Ni miaka 30 hiyo. Sasa nani atamuuliza huyo mama utafiti uko wapi?

Basi nije kwangu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kilikuwa Ngamiani, Tanga, na alikuwa na daftari la vipimo. Mteja akija anatoa futi shingoni, anapima, anaandika jina, mtaa, tarehe, nguo, kifua, kiuno, bega, mkono, urefu, basi. Hakuandika kingine chochote. Nilipokwenda kusoma uandishi ugenini, rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hadithi za mapenzi ya mjini, safi tu, hazina kosa, na supavaiza wangu alizisoma akaniuliza nyumbani kwetu watu wanafanya kazi gani. Nikamwambia habari ya baba na daftari. Akaweka kalamu chini. Usiku ule nilimpigia mdogo wangu, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa 140, akanitumia kwa simu usiku kucha bando likiisha ananunua jingine.

Ukilisoma daftari kama orodha huoni kitu. Nimelisoma kwa miezi kadhaa nikifuata jina moja moja. Kuna mtoto anashonewa kaptula ya shule kila Januari, urefu unaongezeka inchi moja, inchi moja na nusu, afu kuna Januari hayupo, afu mwaka unaofuata yupo tena na urefu umeruka inchi tatu. Kuna mama wa barabara ya 13, kiuno 36 mwaka 1988, mwaka 1990 kiuno 31, gauni lilelile la kitenge linapunguzwa, 1991 linapunguzwa tena, halafu jina halionekani tena. Nilimpigia baba nikamuuliza. Akakaa kimya muda mrefu kwenye simu, akasema, "Mwanangu, miaka ile nilikuwa napunguza nguo za watu na hakuna aliyekuwa akisema kwa nini." Hiyo sentensi sikuiandika popote kwenye kitabu changu lakini hadithi zote tisa zimekaa juu yake.

Nilipofika hapo ndo nikagundua sijui kitu. Sijui mkono wa mtu unafanya nini akipunguza gauni la mtu anayekwisha, unaanzia mshono wa ubavuni au wa mgongoni, unakata kitambaa au unakiacha ndani kwa matumaini kwamba atanenepa. Likizo nikarudi Tanga nikakaa na baba kibarazani wiki sita, nikajifunza kukanyaga cherehani, kuvisha uzi, kukata pindo, na hapo ndo nikajua, baba hakuwa anakata. Kile kitambaa cha ziada alikuwa anakikunja na kukiacha ndani, kila mara. Nimemtafuta yule mtoto aliyeruka Januari, sasa ni dereva wa lori, akanieleza mwaka ule ada ilikosekana. Nimeomba ruhusa za familia, nimebadilisha majina, pale familia iliposema hapana nimeiacha hadithi hata kama ilikuwa ndo nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo utafiti wangu ulikuwa kwenye lile kunjo la kitambaa. Hilo ndilo nilitakiwa kuwaambia wale watu wanne.

Na hapa nataka niseme na dogo kitu ambacho pengine hatakipenda. Paneli ina haki ya kuuliza. Nimesoma kazi za wanafunzi zilizojificha nyuma ya neno ubunifu, mtu hajaenda popote, hajaongea na yeyote, hajasoma wenzake waliotangulia, afu anakasirika akiulizwa. Kosa la paneli yako si kuuliza, ni kutosubiri jibu. Vyuo vya Uingereza na Australia kwenye PhD za uandishi wanakudai kabisa kazi yenyewe pamoja na sehemu ya ufafanuzi, unaeleza umefikaje, umesoma nini, umechagua vipi sauti ya msimulizi. Marekani kwenye MFA, yaani masta ya sanaa na uandishi, mara nyingi kazi inatosha, pengine na utangulizi mfupi. Mimi niko upande wa kuandika ufafanuzi, si kwa kuwaridhisha wakubwa, ni kwa sababu nilipoandika wa kwangu ndo nimeona hadithi mbili zinadanganya.

Hata mtu wa kwetu huku ameshabanwa hivyohivyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds, Uingereza, 1964 kusoma shahada ya uzamili, akatakiwa tasnifu ya uchambuzi wa fasihi ya Karibi, akatoka bila hiyo shahada ila mkononi ana riwaya yake ya vita vya uhuru wa Kenya iliyochapishwa 1967. Ulimwengu haukupoteza kitu, riwaya tunayo. Nawaza wale ambao si Ngũgĩ, walioacha riwaya ili wapate digrii, na sasa hizo riwaya hazipo.

Kitu kingine cha muhimu maana najua wengi wenu hamkiulizi: siku ya kukabidhi, uliza kazi yako itakaa wapi. Vyuo vingi siku hizi vinaweka tasnifu wazi kwenye intaneti, kwa mtu wa utafiti wa kawaida ni jambo jema, kwa mwenye riwaya wachapishaji wengine watasita kwa kuona kila mtu anaisoma bure. Hapohapo Iowa mwaka 2008 wanafunzi wa uandishi walipaza sauti kwa ajili ya hilo mpaka chuo kikarudi nyuma. Kuna utaratibu wa kuomba ifungwe kwa miaka kadhaa. Omba kwa maandishi, kabla hujasaini fomu ya maktaba, na nakala ya ombi baki nayo.

Nimemjibu dogo kwa voisi ndefu kuliko yake. Nimemwambia arudi mwaloni kabla ya kurudi kwenye paneli, akaulize yale anayodhani anayajua. Jana saa kumi alfajiri akanitumia nyingine. Kuna mawimbi, kuna mtumbwi unaburutwa kwenye mchanga, kuna mama anahesabu ndoo kwa sauti, na dogo ananong'ona kwamba kumbe wakati wa mbalamwezi pia wanakuja, dagaa hakuna maana wavuvi hawatoki, ila wanakuja kufagia sehemu zao za kuanikia ili mtu mwingine asizichukue, na yeye miaka yote hiyo alikuwa anajua mbalamwezi ni mapumziko. Sura ya tatu ameifuta yote. Jumatatu anaonana na supavaiza.